Barua ya wazi kwa hospitali yangu na mfuko wangu wa bima: kama hamjajua, andikeni hamjajua

Dodoma

Kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali niliyotibiwa,
Kwa Mkuu wa Kitengo cha Madai, mfuko wa bima ya afya unaokata mshahara wangu kila mwezi,

YAH: MAUMIVU YA FIGO YALIYOANDIKWA KILA JINA ISIPOKUWA LAKE

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 57, mzaliwa wa Bahi na mkazi wa Dodoma mjini. Majina yenu nayajua na sitayataja, maana kesho mtahamishwa waje wengine, na maandishi ninayoyalalamikia yatabaki palepale. Mtajitambua wenyewe. Barua zangu tatu mnazo kwenye mafaili, mbili kwa hospitali na moja kwa bima, na nakala zangu zina muhuri wa masijala. Ya nne niliitumbukiza kwenye sanduku la maoni kando ya dirisha la dawa. Baadaye mlinzi, kijana mwungwana, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ufunguo wa sanduku hilo haujulikani uliko. Tangu barua ya kwanza imepita miezi mitano. Jibu nililopata ni moja, kwa simu: "Mama, tunalifanyia kazi."

Nieleze kilichotokea, kwa faida ya wasomaji wasionijua.

Ilikuwa Oktoba, ule mwezi ambao Dodoma mvua bado iko mbali na jua linakausha hata mate. Saa tisa usiku maumivu yalinishika ubavu wa kushoto, chini ya mbavu za mwisho, yakashuka mpaka kinenani. Yanabana, yanaachia, yanarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Kuketi siwezi, kulala siwezi, nikawa nazunguka sebuleni nimeshika ukuta. Nimezaa watoto wanne, na usiku ule niliutamani uchungu wa kuzaa, maana ule angalau unaishia na mtoto mkononi.

Daktari wa zamu alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa pili. Alinitazama ninavyohangaika kitandani akasema: "Mama, mwenye maumivu ya mgongo hutulia, hataki hata kuguswa. Wewe huwezi kutulia. Hii naihisi ni figo." Akanichoma sindano, akapima mkojo, ukakutwa na damu. Akapima damu kuangalia kazi ya figo, ikawa sawa. Asubuhi nikafanyiwa altrasaundi: figo ya kushoto imevimba kidogo, jiwe halionekani. Akanieleza vizuri, bila haraka, kwamba altrasaundi mara nyingi hukosa jiwe lililokwama katikati ya mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo kwenda kibofuni, kwa sababu matumbo na hewa yake hulifunika. Kipimo kinacholiona vizuri ni CT, picha za mionzi zinazoonyesha ndani ya mwili, tena bila hata dawa ya kuchomwa mshipani. Aliposikia nimekulia kwenye majaruba ya mpunga Bahi akaniuliza pia kuhusu kichocho, kwa kuwa kichocho cha mkojo nacho huweza kuacha makovu kwenye mrija huo na kuuziba. Inaweza kuwa jiwe, inaweza kuwa kovu, inaweza kuwa kitu kingine. Akaandika, nami nikasoma kwa macho yangu maana Kiingereza nakisoma: maumivu makali ya figo ya kushoto, chanzo hakijajulikana, apate kipimo cha CT.

Hadi hapo sina lalamiko hata chembe. Malalamiko yanaanzia pale karatasi ile ilipotoka mkononi mwa daktari.

1. Karatasi ya bima haikusema alichosema daktari.

Nilipofika dirisha la bima niliambiwa nisubiri waweke "kodi". Nikafungua pochi. Karani akacheka, akasema si kodi ya serikali, ni namba ya ugonjwa. Tuiite msimbo, tusije tukatozwa mara mbili.

Msimbo ulioandikwa ni M54.5. Binti yangu aliutafuta kwenye simu, kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ambayo iko wazi kwa yeyote. M54.5 ni maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Iko kwenye sura ya mifupa na misuli, pamoja na shingo zilizokakamaa. Niliporudi kuuliza, karani alinijibu bila kificho: "Mama, si ulisema kiuno?"

Ni kweli nilisema kiuno. Kwa Kiswahili chetu kiuno kimebeba mzigo mkubwa: mwenye figo atasema kiuno, aliyeinua gunia vibaya atasema kiuno, na mjamzito wa miezi minane atasema kiuno. Ndiyo maana tunaenda kwa daktari, atuambie kiuno kipi. Daktari wenu alishafanya kazi hiyo na akaandika neno "figo". Aliyejaza msimbo akaliruka neno la daktari akachukua langu.

Na msimbo sahihi upo. Ni N23, uko kwenye sura ya magonjwa ya mfumo wa mkojo, na maana yake ni maumivu ya figo yanayobana na kuachia ambayo chanzo chake hakijabainishwa. Likionekana jiwe, msimbo unabadilika: N20.0 kama liko ndani ya figo, N20.1 kama liko kwenye mrija. Waliotunga orodha ile walijua kwamba kuna siku ya kwanza, siku ambayo mgonjwa analia na daktari mwaminifu bado hajui, wakaitengea mstari wake.

Nilipouliza kwa nini haukutumika, nilijibiwa kwamba mfumo wa kompyuta unataka namba yenye nukta, na N23 haina nukta. Naomba mtu mzima mwenzangu aisome sentensi hiyo tena. N23 haina nukta kwa sababu haigawanyiki; imeishia hapo. Kukosa nukta kwenye skrini kumenihamisha mimi kutoka kwenye figo hadi kwenye uti wa mgongo.

2. Kosa lilirekebishwa kwa uongo.

Mkuu wa Kitengo cha Madai, hapa nakuja kwako, na kwa haki niseme kwamba safari ya kwanza hukukosea. Uliletewa karatasi ya mgongo inayoomba CT ya tumbo, ukajibu kipimo hakiendani na ugonjwa. Ningekuwa mimi ningekata vilevile.

Nikarudi hospitali. Safari hii wakaandika N20.0, jiwe kwenye figo. Nikasema jiwe halijaonekana. Nikajibiwa: "Tunajua mama, lakini ndivyo litakavyopita." Halikupita. Ofisi yako iliuliza ushahidi wa jiwe uko wapi, na ushahidi huo ulikuwa ndani ya kipimo kilekile mlichokataa kukilipia. Nilisimama kwenye korido nikacheka peke yangu, watu wakanipisha.

Mimi ni mwalimu, nitawaeleza kwa lugha ya kazi yangu. Mtoto asipofika kwenye chumba cha mtihani hatumwandikii sifuri. Tunaandika ABS, hakuwepo. Sifuri ni alama, maana yake alifanya akakosa. Hakuwepo ni hali nyingine kabisa, na mwalimu anayejaza sifuri ili fomu isiwe na pengo anaitwa ofisini. Aliyejaza "jiwe" ili dai lipite amejaza sifuri kwa mtoto ambaye hakuwepo. Na nyie wa bima, mnapoukata msimbo wa "hatujajua" kana kwamba ni uvivu wa daktari, mnawafundisha makarani wa nchi nzima kujaza sifuri.

CT nilijilipia. Gunia mbili za mpunga wa nyumbani na mkopo wa kikoba. Ilikuwa wiki ya saba.

Majibu? Hakuna jiwe, uvimbe wa figo umekwisha. Daktari alisema huenda lilikuwa jiwe dogo likashuka lenyewe, kwa kuwa madogo ya chini ya milimita tano mengi hushuka, lakini hawezi kuliapia asilolishika. Maana yake hata leo chanzo hakijulikani. Kati ya namba zote mlizoniandikia, ile ambayo hamkuiandika ndiyo pekee iliyo kweli.

3. Nimepewa ugonjwa nisiokuwa nao.

Hili ndilo lililoniondolea subira. Kwenye mizunguko ile ya kurekebisha, mtu mwingine dirishani aliingiza N18.9. Nafikiri aliteleza kwenye orodha, namba zimekaribiana. N18.9 ni ugonjwa sugu wa figo.

Ugonjwa sugu wa figo hautamkwi kwa kipimo cha usiku mmoja. Madaktari hutaka hitilafu idumu zaidi ya miezi mitatu kabla ya kulitaja jina hilo. Mimi kreatinini yangu, yaani kile kipimo cha damu cha kazi ya figo, ilipimwa usiku ule ikawa sawa, ikarudiwa wiki ya saba ikawa sawa. Hakuna daktari aliyewahi kuniambia nina ugonjwa sugu. Kompyuta yenu tu ndiyo iliyoniambia, tena haikuniambia mimi. Iliwaambia watu wa mkopo.

Nilikuwa nimeomba mkopo wa kumalizia nyumba kabla sijastaafu. Fomu ikataka muhtasari wa matibabu. Hospitali ikachapisha muhtasari, na mstari wa juu ukasoma ugonjwa sugu wa figo. Yule dada wa mkopo aliniangalia kwa huruma ambayo sikuielewa mpaka nilipoipokea karatasi. Mume wangu alipoisoma nyumbani hakula. Alikaa barazani mpaka jogoo la kwanza, akaniuliza kwa nini nimemficha.

Nyumba haijaezekwa. Hilo nalivumilia, bati zitapatikana. Lile la barazani nalivumilia kwa shida.

4. Dawa zilifuata msimbo.

Kwa sababu kadi yangu ilisema mgongo, kituo kingine nilichokwenda kati ya wiki ya pili na ya tano kilinitibu mgongo: mazoezi ya viungo na vidonge vya kutuliza maumivu vya diklofenaki, wiki tatu mfululizo. Nisieleweke vibaya. Sindano ya usiku wa kwanza ilikuwa ya dawa hiyohiyo, na kwa maumivu ya namna ile ni tiba inayotumika. Lakini dawa za jamii hiyo zikitumika muda mrefu zinaweza kuziumiza figo, na figo yangu moja ilikuwa imevimba bila kujulikana kwa nini. Mganga wa kituo kile hakukosea kwa alichokisoma. Alisoma mgongo.

5. Hesabu ya mkoa.

Hili fupi. Takwimu za vituo huingia MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, zikapanda hadi wizarani, na mipango hutoka huko. Tunaishi kwenye nchi kavu, wapasua kokoto, waendesha bodaboda na wakulima wa mtama wanashinda juani na kidumu kimoja cha maji, na kunywa maji kidogo ni njia inayojulikana ya kupata mawe kwenye figo. Kama kila kiuno kinaandikwa mgongo, Dodoma itaonekana ni mkoa wa watu wenye migongo mibovu, na atakayegawa vifaa atatuletea vitanda vya mazoezi.

Najua mtakachojibu, kwa hiyo niwapunguzie kazi.

Mtasema msimbo usiotaja chanzo ni mlango wa wadanganyifu. Naelewa, wapo wanaodai vipimo visivyofanyika, na michango tunayokatwa lazima ilindwe. Lakini N23 ina masharti yake: maumivu ya namna fulani, upande fulani, maelezo ya daktari, na hapa palikuwa na damu kwenye mkojo na figo iliyovimba. Ulizeni hayo. Mdanganyifu ataandika jiwe moja kwa moja, kwa sababu anajua jiwe linalipwa. Aliyekiri hajui ndiye mnayemkata.

Mtasema pia kwamba N23 isitumike kwa kila ubavu unaouma. Sawa kabisa. Maumivu mepesi ya ubavuni ambayo daktari hajayahusisha na figo yana mahali pake, kwenye sura ya dalili, R10. Sijaomba N23 iwe kapu la takataka.

Mtasema watunza kumbukumbu za afya ni wachache na foleni ni ndefu. Hili nalikubali bila kubishana. Nina darasa la watoto zaidi ya 90. Yule karani aliyeniuliza kuhusu kiuno alikuwa peke yake tangu saa moja asubuhi, na alinisalimia "mbukwa, mama" kwa adabu hata nilipokuwa nimekasirika. Sitaki aadhibiwe. Nataka afundishwe, na apewe namba ya simu ya daktari wa zamu ili aulize asipoelewa badala ya kubahatisha.

Na mtasema toleo jipya linakuja. Orodha hii tunayogombania ni ya kumi, iliidhinishwa na Mkutano wa Afya Duniani mwaka 1990, na ya kumi na moja imeanza kutumika kimataifa Januari 1, 2022. Karibu sana. Lakini anayejaza jiwe asiloliona kwenye toleo la kumi atalijaza na kwenye la kumi na moja. Tena tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Watakaokuja kwenye dirisha lile wataongezeka, na wengi hawatakuwa na binti mwenye simu wala muda wa kuandika barua nne.

Ninachoomba ni hiki.

Hospitali iondoe N18.9, N20.0 na M54.5 kwenye jalada langu, iandike N23 kwa tarehe ya Oktoba, na ibakize maandishi ya daktari kama yalivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inanipa haki ya kuona taarifa zangu na kudai zisahihishwe, na Tume inayoisimamia sheria hiyo ipo hapahapa nchini. Nisingependa kufika huko.

Hospitali inipe barua, yenye muhuri, inayosema kwamba sikuwahi kugunduliwa kuwa na ugonjwa sugu wa figo. Moja ni ya watu wa mkopo. Nakala ni ya mume wangu.

Mfumo wa kompyuta uruhusu N23 bila nukta. Kama ni fundi, mwiteni fundi.

Mfuko wa bima utamke kwa maandishi kwamba maumivu ya figo yasiyojulikana chanzo, yakiambatana na maelezo ya daktari, ni sababu halali ya kuomba kipimo cha kukitafuta chanzo hicho. Kuhusu kurejeshewa fedha za CT, naliacha kwenu. Stakabadhi mliishapokea pamoja na barua ya tatu.

Nisomeeni haya ndani ya siku 30 na mnijibu kwa maandishi. Simu ya "tunalifanyia kazi" nimeshaipokea.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi,
Dodoma

Nakala: Daktari wa zamu ya usiku ule wa Oktoba, kwa shukrani. Uliandika ulichokijua, na usichokijua ukaandika hukijui.